Muulize Fundi wa Madaraja: Kwa Nini Daraja Liko Kule na Sisi Tuko Huku?

Mbukwenyi, wasomaji wangu.

Toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu kalavati lililozibwa na chupa za plastiki mtaani kwangu hapa Dodoma, nikadhani yamekwisha. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuwa nyingi hadi mjukuu wangu, anayenisomea zile za maandishi madogo, ameanza kudai soda kwa kila barua tano. Wengi mnauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: nani aliamua daraja likae pale lilipo? Na kwa nini moyo unaruka tukilivuka?

Kwa mgeni wa safu hii: nimefanya kazi ya barabara na madaraja miaka 31. Sikuwa mhandisi, nilikuwa fundi mchundo. Nilianza kwa kushika stafu, ule ubao mrefu wenye namba anaoutazama mpimaji kwa darubini, nikamalizia nikiwa msimamizi wa vibarua. Kwa hiyo majibu yangu yana matope. Mwenye kutaka hesabu kamili amwone mhandisi.

*Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, wilaya ya Bahi. Kati ya kijiji na shule kuna korongo. Daraja tumejengewa, tunashukuru, ila liko karibu kilometa 3 chini ya kijiji, mahali pasipo na nyumba hata moja, ni mbuzi tu. Watoto hawazunguki huko, wanakatiza mchangani. Mvua zikianza wanabaki makwao. Hivi waliopima walikuwa wamelewa?*

Marahaba, mwalimu. Hawakulewa. Walikuwa wanatafuta mwamba.

Mito yetu ya huku ina tabia ambayo mtu wa Rufiji hawezi kuielewa. Rufiji unauona mwaka mzima. Korongo la Dodoma kwa miezi mingi ni njia ya mchanga ambayo ng'ombe wanapita na vijana wanachezea mpira, na likija kuwa mto linaweza kuamua kupita kwingine. Penye kona maji hukimbilia ukingo wa nje, yanaula, na kwenye ukingo wa ndani yanaacha mchanga. Mwaka hadi mwaka kona inasogea. Ukijenga daraja kwenye kona, umejenga kwa mpangaji ambaye ameshaanza kufunga mizigo.

Hili sikufundishwa darasani. Mwaka wangu wa kwanza kazini tulitumwa kupima mahali pa kujenga drifti, ile sakafu ya zege inayolazwa mtoni, kiangazi gari lipite juu yake na masika maji yapite juu yake. Palikuwa na bibi mmoja anachimba kisima cha mchangani, maana huku maji ya kiangazi tunayafukua kwenye mchanga wa korongo. Alitutazama muda mrefu. Kisha akainuka na kata yake mkononi akasema, "Wanangu, hapo mnapopima mto ni mgeni tu. Kwake ni pale kwenye migunga." Tukacheka, kwa heshima lakini tukacheka. Mkubwa wangu akaandika daftarini: ukingo imara. Drifti ile ilidumu misimu miwili. Msimu wa tatu mto ulirudi kwao. Ulipita kwenye migunga, ukakata barabara upande wa pili, na drifti yetu ikabaki kwenye mchanga mkavu kama meza iliyotolewa nje siku ya msiba ikasahauliwa huko.

Tangu hapo, nikifika korongoni nilikuwa natafuta kwanza wazee, halafu natazama miti. Mto unaacha saini: nyasi zilizonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye gome. Kuna mbuyu mmoja nilikuta nyasi zimenasa juu ya kichwa changu, na mimi si mfupi. Kiangazi kilikuwa kikali, mchanga umekauka, lakini mbuyu ulikuwa unasema maji yalifika hapa.

Sasa daraja linataka nini? Linataka mahali mto umenyooka, umebanwa, na kingo zake hazibomoki. Linataka barabara ivuke mto kwa kuukata moja kwa moja, maana ukivuka mshazari daraja linakuwa refu na kila mita ni zege na nondo. Zaidi ya yote linataka kitu kigumu chini. Huko kwenu Bahi ni bondeni. Mto Bubu ukitoka nyanda za Kondoa unaishia kwenye kinamasi cha Bahi, hauendi baharini kabisa. Maji yakifika tambarare yanachoka, yanajitandaza, yanapasuka vijito vitatu vinne. Na ule udongo mweusi wa mbuga unaujua: kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mguu, masika unavimba. Ukiuwekea nguzo, udongo huo utaiinua na kuishusha kila mwaka hadi ipinde. Bila shaka kilometa 3 chini walikuta korongo limepita katikati ya vilima viwili, likabanwa, na mchimba shimo la majaribio sululu yake ikagonga jiwe. Mlio huo, mwalimu, kwa fundi wa madaraja ni kama adhana.

Lakini sitawatetea kwa kila kitu. Nimekaa vikao vingi vya kuchagua mahali pa daraja. Swali lilikuwa lori litapita wapi, basi litapita wapi, mazao yatapita wapi. Sikumbuki hata mara moja mtu akiuliza mtoto wa darasa la pili atapita wapi. Mbuzi unaowasema walipimiwa kwa bahati, watoto hawakupimiwa.

Kwa hiyo msipoteze muda kuomba daraja lihamishwe. Ombeni kivuko cha waenda kwa miguu. Hicho ni kitu kingine: ni chepesi, kinaweza kuning'inizwa kwa kamba za chuma kutoka ukingo hadi ukingo bila kuweka mguu mtoni, kwa hiyo hakihitaji mwamba katikati. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017. Zile kuu na za mkoa ni za TANROADS, msije mkazungushwa kati ya ofisi mbili. Lipitisheni kwenye mkutano wa kijiji, muhtasari uandikwe, na safari hii ya mvua pakeni rangi kwenye mti pale maji yanapofika, muandike tarehe. Mhandisi anaweza kubishana na barua. Na rangi kwenye mti atabishana nayo vipi?

Na hadi hapo, maji ya kahawia yakifika magotini mwa mtoto, asivuke, hata mkiwa mmeshikana mikono. Maji yakiongeza kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inakuwa mara nne. Mtoto anajua kuogelea, sawa, lakini hapo haogelei, anabebwa.

*Mzee wa madaraja, mimi ni utingo wa lori, makao yangu Kibaigwa. Kuna daraja refu tunalipita kila wiki, chini ni mchanga mtupu. Miezi tisa sasa sijaona tone. Hela ile si ingejenga zahanati?*

Mdogo wangu, miezi tisa hujaona tone, nakuamini. Dodoma tunapata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini hainyeshi kwa zamu, leo kidogo na kesho kidogo. Inaweza kumwagwa jioni moja kwa saa mbili, juu ya vilima vilivyomalizwa miti kwa mkaa na ardhi iliyopigwa jua ikawa kama chungu. Ardhi hainywi. Maji yote yanashuka kwa mkupuo.

Siku moja nilikuwa nimesimama katikati ya mchanga, juu mbingu safi. Mwenzangu akaniambia, sikiliza. Ikaja sauti kama lori linaloshuka mlima kwa gia ndogo. Kisha ukatokea ulimi wa povu la kahawia, si mrefu, unasukuma vijiti, kinyesi cha ng'ombe na ndala moja ya bluu. Tulikimbia. Nusu saa baadaye pale nilipokuwa nimesimama maji yangenifika kifuani. Mvua yenyewe ilinyesha mbali, hata mawingu yake hatukuyaona.

Kuhusu urefu, ungekuwa mfupi ungeua daraja. Ukiujengea mto mpana daraja fupi, unayabana maji yote kwenye mlango mmoja, yanakimbia zaidi, na yakikimbia yanachimba. Na kinachoangusha madaraja mara nyingi ni maji yanayolichimba miguuni, kuliko yale yanayolipiga kifuani. Maji yakigonga nguzo yanazama, yanazunguka, yanachota mchanga kuzunguka mguu wake. Mafuriko yakiwa kileleni ndipo shimo linakuwa refu kabisa. Hila yake iko hapa: maji yakipungua, mchanga unarudi na kulifukia lile shimo. Asubuhi unakuta korongo limelala tambarare, safi, utadhani limefagiliwa.

Asubuhi ya namna hiyo tulitumwa kukagua daraja moja. Mkaguzi alitazama akiwa juu, akaandika: salama. Mimi nikashuka na nondo ya milimita 12, urefu mita moja na nusu. Mbali na nguzo niliichoma mchangani, ikaingia shibiri mbili ikagoma. Nikasogea hadi mguuni mwa nguzo, upande maji yanakotoka. Iliingia kwa mkono mmoja kama mwiko kwenye uji, ikaenda, ikaenda, hadi ngumi yangu ikagusa mchanga. Nilihisi baridi mgongoni, na jua lilikuwa limeshawaka. Mchanga ule ulikuwa umerudi usiku uleule na haukuwa umeshika kitu. Tukafunga daraja saa hiyohiyo, na madereva wakatutukana matusi ambayo mengine sikuwahi kuyasikia kabla wala baada.

Wewe mwenyewe ni mtu wa barabara, huwezi kuwa umesahau Machi 2020, barabara ya Morogoro–Dodoma ilipokatika Kiyegeya, kule Gairo. Foleni ya malori, abiria wanalala kwenye viti, magari yanazungushwa hadi Iringa ndipo yaje Dodoma kwa kupitia Mtera. Njia ya Morogoro hadi hapa ni kilometa 260 hivi, kwa mzunguko ule ni zaidi ya mara mbili. Piga hesabu ya dizeli na nyanya zilizooza, halafu tuzungumze zahanati.

Na usisahau uko kwenye mji gani. Inasimuliwa Dodoma ilipata jina kwa sababu ya tembo aliyekwenda kunywa maji kijitoni akazama topeni, Wagogo wakasema *idodomya*, imedidimia. Kila nikisikia hadithi hiyo najiuliza ule udongo ulipimwa na nani.

*Kaka fundi, nauza karanga na maji ya chupa darajani, barabara kuu. Tangi la mafuta likipita nasikia sakafu inanyanyuka kwenye nyayo zangu, na kuna sauti "tak-tak" kila gari likipita. Nihame?*

Usihame kwa sababu hiyo, dada. Nitakuambia cha kuhama kwacho.

Daraja linalotetemeka ni daraja linalofanya kazi. Likibeba mzigo linajipinda kidogo sana, likiachiwa linarudi, kama tawi la mwembe ukilikalia. Lisilopinda kabisa ndilo la kuogopa, maana kisichopinda huvunjika ghafla. Wewe unasimama, kwa hiyo unasikia kila kitu kwa nyayo. Dereva amekalia springi na sponji, hajui hata kama amevuka.

Ile "tak-tak" ni jointi. Sakafu ya daraja haikufungwa kwa zege mwanzo hadi mwisho, imeachiwa upenyo. Zege na chuma vinarefuka vikipata joto. Daraja la mita 100, likipata tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri ya Julai na mchana wa Oktoba, linarefuka kama sentimita 3. Zikikosa pa kwenda hizo sentimita 3 zinapasua kitu. Chini, kati ya nguzo na mihimili, mara nyingi utakuta raba nene nyeusi, zinaruhusu daraja kuteleza na kutikisika bila kujiumiza. Kuna wakati vijana walizichomoa mahali fulani wakidhani ni za kutengenezea kandambili. Sitasema ni wapi.

Hofu yenyewe ina ukweli wake, usidhani nakudharau. London mwaka 2000 walifungua daraja jipya la waenda kwa miguu juu ya mto Thames, Millennium Bridge. Watu walipojaa likaanza kuyumba kushoto na kulia. Mtu sakafu ikimyumbia anapanua miguu na kukanyaga kwa kufuata yumbo ili asianguke, na wote wakifanya hivyo kwa pamoja wanalizidishia. Walilifunga baada ya siku mbili, wakaliwekea vizuia mtikisiko, likafunguliwa tena 2002. Na huko Uingereza tangu 1831, daraja la kuning'inia la Broughton lilipovunjika askari wakipita kwa mwendo wa gwaride, askari wanaambiwa waache gwaride wakifika darajani. Sasa wewe na karanga zako huwezi kuleta gwaride. Lori moja linatetemesha na kupita.

Cha kuangalia ni hiki. Kila Jumatatu kabla hujapanga biashara, chuchumaa mwanzo wa daraja, fumba jicho moja, chungulia kwenye kingo ya pembeni kama unavyochungulia ubao ulionyooka. Mstari ukiwa umezama mahali ambapo juzi haukuzama, hama, na piga simu. Ukiona jointi upande mmoja umepanda juu ya mwingine kiasi cha kujikwaa, hama. Na tazama pale daraja linapoungana na tuta la udongo. Watu wanasema daraja limekatika, lakini nenda ukaone: mara nyingi daraja limesimama zima katikati ya maji, kilicholiwa ni tuta. Shimo dogo la panya pembeni ya tuta baada ya mvua, dada, linanitisha kuliko tangi la mafuta.

*Je, ni kweli wajenzi wa zamani walizika kichwa cha mtu kwenye kila nguzo ili daraja lisimame? (Msomaji, Mvumi)*

Hadithi hiyo nimekutana nayo kila kambi niliyolala, pamoja na binamu yake ya mumiani. Kijiji kimoja wanawake walizuia watoto wasipite karibu na kambi yetu wiki nzima. Nilikuwepo nguzo nyingi zikimwagwa zege: ndani mna kokoto, mchanga, saruji, nondo, na mara moja kofia ya kibarua iliyodondoka akakataa kuifuata. Hofu ile naielewa. Wageni wanakuja, wanachimba shimo refu usiku kwa taa, hawasemi na mtu. Siku hizi ningewaambia vijana waite wenyeji waje watazame shimo. Tulipofanya hivyo, uvumi ulikufa siku ya pili, wakabaki wakilalamikia posho.

*Shikamoo Babu. Nasoma kidato cha pili, Mpwapwa. Tumefundishwa kuwa reli ya kati ilijengwa na Wajerumani. Kwa nini waliipitisha palepale mto unapoibomoa kila mara, Gulwe hadi Kilosa? Hawakuona mto?*

Marahaba mjukuu wangu. Waliuona, ndiyo maana walipita hapo.

Reli ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Treni ya mvuke ilikuwa inachoka upesi, haipandi mlima mkali, na kila baada ya mwendo fulani inataka kunywa maji. Kutoka pwani kupanda huku kwetu kuna ukuta wa milima. Mto ulishautoboa: Kinyasungwe unatoka huku Dodoma, ukishuka unaitwa Mkondoa, unapita Kilosa, unakwenda kuwa Wami. Mto umekata njia ya mteremko wa taratibu kwa maelfu ya miaka bila kulipwa. Mjenzi yeyote mwenye haraka angeifuata. Ukifuata bonde unapata mteremko mwororo, na unapata pia maji ya kuweka kwenye injini. Gharama yake ni kwamba umeishi nyumba moja na mto, na mto ndiye mwenye nyumba.

Kilichozidi siku hizi ni mchanga. Vilima vikilimwa na kukatwa miti, kila mvua inashusha udongo, unajaa mtoni, sakafu ya mto inapanda. Daraja ambalo zamani mtu angepita chini yake wima, linafika mahali anapita kwa kuinama. Maji yanakosa mlango, yanapanda juu ya reli. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yalichukua tuta la reli sehemu nyingi kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Vyuma vilikuwa vinaning'inia hewani na mataruma yake kama ngazi ya kamba.

Reli mpya, SGR, ikaenda kwa njia nyingine: mahandaki milimani, madaraja marefu, matuta ya juu. Injini ya umeme haina kiu na mlima hauiogopeshi sana. Tangu treni zake zianze kufika Dodoma mwaka 2024 nimeipanda mara tatu. Sina malalamiko, ila moja. Inavuka daraja na wewe hujui. Soda yangu haikutikisika. Nilimwambia kijana wa pembeni yangu tumevuka mto, akainua macho kwenye simu, akasema, mto gani?

Kwenye treni ya zamani ulijua. Sauti ya magurudumu ilikuwa inabadilika ghafla: kwenye tuta ni dum-dum nzito, ukifika kwenye daraja la chuma inakuwa ngurumo yenye mlio kama sufuria tupu. Waliolala wanaamka. Wanawake wanakumbatia watoto. Na ukiwa chooni, samahani mjukuu wangu lakini wewe ni mwanasayansi, ukitazama tundu unaona mataruma yanakimbia, halafu ghafla mataruma yenye mwanya katikati, na chini kabisa maji ya kahawia yanayozunguka. Nikiwa na miaka tisa niliyaona hayo nikatoka mbio, suruali mkononi, nikamwambia mama treni imekanyaga hewa. Nadhani kazi yangu ilianzia hapo.

*Fundi, nahamia Iringa kikazi. Nasikia njia inapita juu ya bwawa la Mtera. Nina hofu ya maji na ya vimo. Nipite au nizunguke Morogoro?*

Pita Mtera. Kuzunguka Morogoro kwa ajili ya dakika mbili ni kujitesa.

Bwawa na daraja vinatafuta kitu kimoja, bonde lililobanwa na jiwe pande zote. Walipouzuia Ruaha Mkuu miaka ya 1970 ili kulilindia maji bwawa la umeme la Kidatu lililo chini zaidi ya mto, walikuwa wameshapata mahali bora pa kuvukia, kwa hiyo barabara ikapandishwa juu ya ukuta uleule. Mitambo ya umeme ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja 1988. Njia hii ni ya tangu zamani, ile ya kutoka Iringa kuja Dodoma kwenda Kondoa na Arusha, ila lami kamili ni ya juzijuzi. Sisi tuliokuwa tunaipita na vumbi la Fufu na Chipogolo puani tunaijua.

Kinachokusumbua kule hakitakuwa urefu wa kwenda chini. Ni pande mbili zisizofanana. Upande mmoja maji yamelala hadi macho yanachoka, miti mikavu imesimama ndani yake, ndege mweusi juu ya kila tawi. Upande wa pili hakuna maji, kuna shimo, mawe, na mto mwembamba unaoanza upya kama hajui kilicho nyuma ya ukuta. Akili inapima pande zote mbili na kuuliza, nini kinazuia hiki kisiingie kile? Jibu ni zege lililo chini ya matairi yako. Mimi mwenyewe, baada ya miaka 31, hapo huwa nakanyaga sakafu ya basi kwa nguvu, kana kwamba naisaidia.

Kaa upande wa bwawa, usikae upande wa shimo. Usitazame gurudumu, tazama mbali. Utaona basi zima limenyamaza, hata wale waliokuwa wanabishana mpira. Kisha gari linashuka ng'ambo, mtu anakohoa, na kabla hujameza mate wauza samaki wameshagonga vioo. Perege wa kukaushwa ni wazuri kuliko wa kukaanga, hawaharibiki njiani. Punguza bei, huwa wanaanzia juu.